Jicho na Lugha: Maandalizi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi na wa Elimu Maalumu

Darasa la kwanza, saa tatu kasoro asubuhi, watoto wamejibana wanne wanne kwenye madawati ya watu watatu. Mwalimu tarajali anagusa ubao kwa fimbo. "Ba!" Darasa zima linaitikia: "Baa!" "Be!" "Bee!" Mimi nimekaa nyuma, fomu ya tathmini magotini, mkufunzi aliyetumwa kukagua mazoezi ya kufundisha. Somo linakwenda vizuri. Ghafla mwalimu ananyamaza, anapenya katikati ya madawati, anamwinamia mtoto mmoja wa kike na kumwambia asome silabi ile peke yake. Mtoto anamtazama mdomo, hasemi kitu. Anarudia, mtoto anazidi kutazama, na huku nyuma darasa limeshaanza kucheka na kusukumana. Zilipita dakika 12 kabla somo halijarudi kwenye andalio. Nilimkata alama kwenye kipengele cha matumizi ya muda.

Baadaye, chini ya mwembe, nilimuuliza kilichomsimamisha. "Mwalimu," akasema, "yule anachelewa kufungua mdomo. Wenzake wakishaanza kusema 'ba' ndipo naye anafungua. Ni kidogo sana, kama nusu sekunde. Nimemwona tangu Jumatatu."

Mtoto yule alikuwa amemaliza mwaka mzima wa elimu ya awali na miezi kadhaa ya darasa la kwanza. Kila asubuhi alisimama na wenzake kumwamkia mwalimu, aliimba, aliitikia silabi na tarakimu. Hakuna aliyejua kwamba hasikii vizuri, kwa sababu alikuwa amejifundisha kazi ngumu kuliko yoyote tuliyompa, kazi ya kusoma midomo ya jirani zake na kuwaigiza kwa kasi ambayo mtu mzima haioni. Kuitikia kwa pamoja, ambako ndiko roho ya madarasa yetu ya chini, kulikuwa maficho yake.

Ndani ya ile nusu sekunde mna swali ambalo vyuo vyetu vimelijibu nusunusu. Mtu anayejiandaa kufundisha shule ya msingi anajiandaa kwa kazi gani hasa, na elimu maalumu inaingia wapi katika maandalizi hayo?

Kwa miaka mingi mazoea ya Tanzania yamekuwa milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Kwanza unakuwa mwalimu wa kawaida. Unasoma cheti cha ualimu cha Daraja A, unapangiwa shule, unafundisha. Miaka ikipita, ukipenda au ukishauriwa, unaomba kwenda Patandi, chuo cha ualimu kilichoko Tengeru karibu na Arusha, unachagua eneo lako: wasioona, viziwi, au wenye ulemavu wa akili. Baadaye vyuo vikuu navyo vikafungua mlango wao. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa kule Lushoto, kilichoanzishwa na Walutheri mwaka 2007, kiliifanya elimu maalumu kuwa msingi wake, na Dodoma nako shahada hiyo ipo. Matokeo yake tuna wataalamu wa aina mbili ambao mara nyingi hawaelewani vizuri. Mmoja ameijua chaki kwa miaka kumi kabla hajasikia neno usonji. Mwingine anaweza kukueleza nadharia zote za usonji lakini hajawahi kukabidhiwa darasa peke yake siku ya mvua.

Mtoto naye hangoji milango yetu. Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mkakati wetu wa kwanza wa taifa wa elimu jumuishi ulianza 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Naomba msomaji aishike hiyo "isipokuwa", nitaihitaji mbele. Kwa sasa inatosha kusema kwamba mtoto ambaye mwalimu wake anatakiwa kupita mlango wa pili ndipo amwelewe, ameshaingia darasani kwa yule aliyepita mlango wa kwanza tu.

Hali hii ina historia, na historia yake ni ya haraka. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo mwishoni mwa 1977. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa hukohuko vijijini kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa vipindi vya kata, huku wakifundisha. Wazee wetu wanawaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, hadi leo, wengine kwa dharau ambayo si ya haki, maana wengi wetu tulijulia herufi mikononi mwao. Mwaka 2002, baada ya ada kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza, hadithi ikajirudia kwa sura nyingine: mafunzo ya Daraja A yakakatwa yakawa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni, ili walimu wawahi madarasa yaliyofurika. Kila milango ya shule inapofunguliwa kwa wote, jambo ambalo ni jema, chuo cha ualimu ndicho kinacholipa. Na kinachokatwa kwanza ni kile ambacho hakionekani kwenye mtihani, yaani muda wa kukaa na mtoto mmoja na kumtazama anavyofikiri.

Elimu maalumu ilipita njia yake yenyewe, pembeni. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Irente kule Lushoto ni ya Walutheri, 1963, na shule ya viziwi Tabora, ya Wakatoliki, ni ya mwaka huohuo. Buguruni ya Dar es Salaam ikafuata 1974. Nyingi zilikuwa shule za bweni, zenye fadhila na ufundi wa hali ya juu, na zilikuwa mbali. Mwalimu wa shule ya kijiji hakuwa na sababu ya kujua kinachofanyika ndani ya ua wa shule hizo, kama raia asivyo na sababu ya kujua kinachofanyika ndani ya kambi ya jeshi. Tulirithi utengano huo tukauita utaalamu.

Hoja yangu ni kwamba ndani ya hicho tunachokiita elimu maalumu kuna vitu viwili tofauti, na tumevichanganya. Kimoja ni jicho, yaani ufundi wa kumtazama mtoto, kuikata kazi vipandevipande, kujua amekwama kwenye kipande kipi. Kingine ni lugha: nukta nundu, lugha ya alama. Jicho linamfaa kila mwalimu wa msingi na linaweza kufundishwa kwa kila mwanachuo. Lugha ni ya wachache watakaoisoma kwa miaka. Sisi tumefanya kinyume. Jicho tumewaachia wataalamu, na lugha tumempa kila mtu kijiko kimoja.

Nianze na jicho, na nianzie mahali pasipo na heshima, kwenye kibuyu chirizi.

Mwalimu wa kitengo cha ulemavu wa akili anataka mtoto ajue kunawa mikono. Kwa wewe na mimi hiyo ni kazi moja. Kwake ni tisa: sogea, kanyaga kijiti, kinga mikono, achia kijiti, shika sabuni, sugua, kanyaga tena, suuza, kung'uta. Akimwambia mtoto "nawa", anampa tisa kwa mkupuo. Basi anaikata. Na fundi mzuri anaanzia mwisho. Anamshika mkono mtoto hatua zote nane, halafu ya tisa, kukung'uta, anamwachia aifanye mwenyewe, na anamsifu. Wiki ijayo anamwachia mbili za mwisho, kusuuza na kukung'uta. Kwa njia hiyo mtoto kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mengi amesaidiwa. Angeanzia mwanzo, kila siku angeishia njiani.

Sasa mlete mwalimu huyo darasa la tatu. Mtoto ameulizwa 52 kutoa 27, ameandika 35. Mwalimu wa kawaida anapiga kosa jekundu na kwenda daftari jingine, maana yamebaki tisini. Mwenye jicho anasimama. Saba ukitoa mbili unapata tano, tano ukitoa mbili unapata tatu. Mtoto hakubahatisha. Amefuata kanuni aliyojitungia, kwamba ndogo hutoka kwenye kubwa, ndogo iwe juu au iwe chini. Hatua zote anazijua ila moja, ya kukopa. Kosa jekundu halimwambii hilo, na marudio ya mazoezi kumi ya aina ileile yatamfanya aizoee kanuni yake mbovu. Ufundi wa kibuyu chirizi na ufundi wa kutoa kwa kukopa ni ufundi mmoja. Sielewi kwa nini unafundishwa kwenye mlango wa pili.

Kusoma nako ni hivyohivyo, na hapa tunaponzwa na vitabu vya wenzetu. Mwanachuo anayesoma kuhusu disleksia hukutana na dalili zilizoandikwa kwa ajili ya Kiingereza: mtoto anakosea maneno, anaruka herufi, anabahatisha. Kiingereza huandikwa kwa namna ambayo hata mwenye akili timamu hubahatisha. Katika lugha zinazoandikwa karibu sawa na zinavyotamkwa, kama Kifini na Kitaliano, watafiti wameona mtoto mwenye tatizo hilo mara nyingi husoma sahihi, ila polepole mno. Kiswahili kiko kundi hilo. Mtoto wetu atakusomea "ki-ta-bu" bila kosa, jasho likimtoka, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau ilianzaje. Mwalimu anayehesabu makosa atampa vema. Anayesikiliza mwendo atajua. Halafu kuna vizingiti vyetu wenyewe ambavyo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachokutajia: mtoto aliyepaa vizuri kwenye "baba" na "kaka" anagonga mwamba kwenye "mbwa" na "ng'ombe", na yule ambaye nyumbani anasema Kisukuma au Kimaasai anagonga mapema zaidi, kwa sababu anaunganisha sauti za neno asilolijua.

Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015, ulioelekeza sehemu kubwa ya muda kwenye stadi za KKK, tumekiri rasmi kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu ndio uti wa mgongo. Lakini shuleni ukitaka kujua kazi inathaminiwa kiasi gani, tazama nani anapewa. Darasa la kwanza hupewa mgeni, anayekaribia kustaafu, au aliyegombana na mwalimu mkuu. La saba, lenye mtihani, hupewa "mwalimu bora". Wanachuo wanaona hayo mazoezini na kujifunza somo ambalo hatukuliandika kwenye muhtasari.

Kuna pingamizi moja ambalo kila nikisema haya hunirudia, na ni la haki. Sera inataka watoto 45 kwa mwalimu. Wengi tumefundisha mia na zaidi. Jicho gani litawaona mia? Nilimuuliza hivyo yule mwalimu tarajali, kwa sauti ya mkufunzi anayejitetea. Akanionyesha daftari la kurasa 40, la kawaida, lenye majina yote ya darasa, watoto 96. Kila siku alikuwa anachagua wanane. Alifundisha wote, lakini siku hiyo aliwatazama hao wanane tu: wanashikaje kalamu, wanajibu wakiulizwa peke yao au wakiwa kundini, wanageuza shingo upande gani. Mstari mmoja kwa kila jina. Siku 12 za shule, darasa limekwisha, anaanza upya. Yule mtoto alikuwa kwenye zamu ya Jumatatu. Nikamuuliza nani kamfundisha, nikitarajia kutajiwa somo la saikolojia ninalofundisha mimi. "Mama mdogo," akajibu. "Anafundisha awali."

Jicho hilohilo lingetosha kwa watoto wengine wengi tunaowapeleka mbali. Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu. Macho yake hutikisika, huinamisha kichwa upande mmoja ili aone vizuri, na mwanga wa dirishani humchoma. Anahitaji kukaa mbele upande wenye kivuli, maandishi makubwa, ruhusa ya kuinuka kuusogelea ubao bila kuomba, na kofia ambayo mwalimu wa zamu hatamvua mstarini kwa sababu si sare. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai shahada. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoikumba Kanda ya Ziwa, watoto walikusanywa katika shule za Buhangija, Mitindo na Kabanga, ili wabaki hai, na ilikuwa sahihi. Lakini kwa jinsi mambo yalivyo, mwalimu wa kijiji walikotoka akapata sababu ya kuamini kwamba mtoto yule ni wa shule fulani maalumu, wala si wake.

Sasa lugha.

Nukta nundu ni nukta sita, mistari mitatu ya mbili mbili. A ni nukta ya kwanza, B ni ya kwanza na ya pili. Kwa saa mbili mwanachuo mwerevu anajua alfabeti yote kwa macho. Nasema kwa macho, maana hapo ndipo wengi wanaishia, kisha wanapewa cheti cha semina. Mwenye kuisoma kwa ncha ya kidole ni mtu mwingine kabisa. Na kuandika kuna jambo lake. Shule yenye bahati ina mashine za Perkins, chuma cha kilo kama tano chenye vitufe sita na kimoja cha nafasi. Unabonyeza, nundu inainuka juu, unasoma palepale. Shule isiyo na bahati inatumia sleti na msumari wake. Pale unatoboa karatasi kwa nyuma, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza kama iliyo kwenye kioo. Herufi zilizo kioo cha nyingine ndizo mtego: E na I, D na F, H na J. Ukisahau kugeuza, "leta" imekuwa "lita", "dua" imekuwa "fua", "hua" amekuwa "jua". Mtoto asiyeona akiandika "Bibi anaomba fua" mahali pa "Bibi anaomba dua", mwalimu asiyejua mtego huo atadhani ni tatizo la sarufi au la akili. Anayejua atamshika kidole ampeleke kwenye nukta iliyopotoka. Kufikia hapo kunataka mwaka, miwili, na mikono inayofanya kazi kila siku. Namba zina alama yake ya kutangulia, hesabu zina mpangilio wake, na kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa nundu kinakuwa majuzuu kadhaa ya kubeba kwa toroli. Ndiyo maana mwalimu wa kawaida aliyepewa kipindi kimoja kwa wiki cha "utangulizi wa nukta nundu" hafiki popote na mtoto, ingawa chuo kimetimiza muhtasari wake.

Lugha ya alama imeumizwa zaidi na semina. Kwa miaka mingi walimu wengi wa viziwi wamekuwa wakisema Kiswahili kwa mdomo na kuweka ishara moja kwa kila neno, wakidhani hiyo ndiyo lugha ya alama. Siyo. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni na hewani: nyusi, mabega, mahali unapoweka ishara na upande unaoielekeza. Mwalimu anayeweka ishara huku uso umekauka ni sawa na mtu anayesoma sentensi zote kwa sauti moja bila nukta wala kiulizo. Isitoshe, shule za viziwi zilikua kila moja na ishara zake, kulingana na wamisheni au wafadhili walioileta, hata mtoto wa Tabora na wa Buguruni walihitaji muda wakikutana. Hapo mwalimu wa kweli wa mwanachuo ni kiziwi mwenyewe. Chuo kinachofundisha lugha hii bila mkufunzi kiziwi kinafanana na chuo cha Kiswahili ambacho hakina Mswahili hata mmoja.

(Nigusie maneno, maana wanachuo huuliza. Tunawafundisha waseme "mwenye uziwi", "asiyeona", na ni adabu nzuri. Viziwi wenyewe wana chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, nao hawalionei haya neno hilo. "Bubu" hawalitaki, na wana sababu. Wanaongea.)

Kwa hiyo ile "isipokuwa" ya sheria ya 2010 ina busara kuliko tunavyoisoma. Mtoto kiziwi kabisa akiwekwa peke yake katika darasa la watoto 96 wanaosikia, kwa jina la ujumuishi, amefungiwa upweke. Anahitaji wenzake wenye lugha yake na mwalimu anayeimudu. Wako wapenzi wa elimu jumuishi wanaoona kila shule maalumu ni gereza. Siko nao. Wala siko na wale wanaotaka kila mtoto mgumu apelekwe "kitengo", kile chumba cha mwisho karibu na stoo ambako mwalimu mmoja ana watoto kuanzia miaka saba hadi kumi na saba, wenye mtindio wa ubongo, usonji, kifafa na wengine ambao kosa lao ni kuchelewa kusoma. Wanaohitaji lugha, wapewe mahali na mwalimu wa lugha. Wengine wote, na ndio wengi, wanahitaji mwalimu wa kawaida mwenye jicho.

Jirani zetu Kenya walitangulia katika jambo moja. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, walianza vituo vya kuwapima watoto katika wilaya, na miaka miwili baadaye wakaanzisha KISE, taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu. Mzazi alikuwa na mlango wa kugonga. Katiba yao ya 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya hata kama lugha ya Bunge, na mwalimu anayeisoma anajua anasoma lugha yenye hadhi. Cheti chao cha P1 nacho kimeondoka, na tangu 2021 mwalimu wa msingi anaanzia stashahada. Kwetu nako cheti kinasogea pembeni kuipisha stashahada. Ni hatua njema, ikiwa mwaka unaoongezeka hautajazwa mihadhara ileile kwa kurasa nyingi zaidi.

Ningepewa mwaka huo ningeuweka wapi? Kwenye mazoezi ya kufundisha, bila kusita. Mwanachuo wa kwetu huenda kwenye mazoezi hayo, tunayoyaita BTP, na maandalio yaliyopigiwa mstari kwa rula, manila zenye rangi, vizibo vya soda kwenye mfuko. Anakaa wiki chache, mkufunzi anapita mara moja au mbili, na kwa sababu alama zinatoka siku hiyo, siku hiyo watoto "wazuri" wanakaa mbele na wagumu wanatumwa kuchota maji. Tunapima onyesho. Ningetaka mwanachuo akae muhula mzima shule moja, na kabla hajaruhusiwa kufundisha darasa zima, afundishe mtoto mmoja kwa wiki sita: mtoto aliyekwama, wa kitengo au wa darasa la pili asiyejua silabi. Aandike alichojaribu, kilichoshindikana, na anachokijaribu kesho. Sehemu kubwa ya maandalizi ya Patandi ninayoyaheshimu hufanana na hivyo. Mtu aliyemfikisha mtoto mmoja kutoka "a" hadi "mama" kwa wiki sita anaingia darasa la mia na kitu ambacho maandalio elfu hayampi.

Ningetaka pia wanachuo wasioona na viziwi wawe wengi zaidi vyuoni, na wakague wenzao. Mwalimu asiyeona anapofundisha darasa la tano, humchagua mwanafunzi wa kuandika ubaoni, na yeye hulazimika kusema kila kinachoandikwa na kuuliza kila mtoto kwa jina. Anayemtazama kwa makini atagundua kwamba hakuna mtoto anayeweza kujificha kwenye kwaya ya darasa lake.

Ajira nayo ina kisa chake, ingawa sitaki kukaa hapo. Msomi wa elimu maalumu anaweza kupita usaili akapangiwa shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja wa eneo lake, wakati kitengo cha wilaya jirani kinaendeshwa na mwalimu wa michezo. Huyo aliyepangiwa vibaya, kama alifundishwa jicho na lugha, hajapotea. Lugha itapata kutu, jicho litamfaa. Kama alifundishwa nadharia tu, amepotea yeye na shule.

Yule mtoto wa nusu sekunde alipelekwa zahanati wiki iliyofuata, baada ya bibi yake kuitwa shuleni. Sikio la kushoto lilikuwa na usaha wa siku nyingi, la kulia lilikuwa na nafuu. Hakuhitaji lugha ya alama wala shule ya bweni. Alihitaji dawa, kiti cha mbele, na mwalimu anayejua asimame upande gani. Nilirudi kukagua mara ya pili siku za mwisho za mazoezi, na kabla ya kipindi nikaomba lile daftari. Kwenye jina lake mistari ilikuwa imeongezeka. Wa mwisho ulikuwa wa jana yake: "Amesoma 'kuku' peke yake. Nilikuwa kulia."

Nilitafuta kwenye fomu yangu mahali pa kuliweka hilo. Kulikuwa na utangulizi wa somo, sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao, zana, usafi wa mavazi, matumizi ya muda. Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma.